Sura ya 7: Nta Kabla ya Rola

Ukimkuta mtu anazungusha mpini wa mashine ya rola, na karatasi ya nta inatoka upande wa pili imejaa chapa za vijumba vya pembe sita, utadhani kazi yote imefanywa na mashine. Watu husogea kutazama, hupiga picha, huuliza bei ya rola. Hakuna anayeuliza habari za ule ubao uliolowa unaoegemea ukuta, wala za lile pipa jembamba la nta ya moto lililo ndani ya maji. Ilhali karatasi ile iliamuliwa huko. Rola haisafishi nta chafu, haisawazishi karatasi iliyonenepa upande mmoja, haiungi ufa. Kazi yake ni kugonga chapa juu ya kile ilichopewa. Ukiipa karatasi mbovu, itakurudishia karatasi mbovu yenye vijumba.

Nalisisitiza hili kwa sababu vikundi vingi vya wafugaji nyuki huanza mwisho. Vinahangaikia fedha za mashine kwanza. Mashine inafika, inazinduliwa kwa shangwe, kisha inakaa stoo huku nta ikigandia kwenye meno ya rola, kwa kuwa hakuna aliyefundishwa kuchovya ubao. Sura hii inahusu yale yanayotangulia mpini: kusafisha nta, kuchovya, kupumzisha na kupasha moto karatasi. Na mwishoni nitaligusa jambo ambalo wauzaji wa mashine hawalisemi, nalo ni kwamba nyuki wetu si saizi ya nyuki wa Ulaya.

Lakini kwanza, kwa nini tumpe nyuki nta ambayo anaweza kuitengeneza mwenyewe? Kwa sababu inamgharimu. Nyuki vibarua walio vijana hutoa nta kwa tezi zilizo chini ya tumbo, kwa vigamba vyembamba sana, na ili kutoa vigamba hivyo ni lazima wale asali nyingi. Makadirio yanayotumika sana katika ufugaji ni kilo 6 hadi 8 za asali kwa kila kilo moja ya nta. Ukimwekea karatasi ya nta kwenye fremu, unampunguzia gharama hiyo, naye anaanza na kuta badala ya kuanza na msingi. Faida ya pili ni kubwa kuliko hiyo: sega linajengwa likiwa limenyooka, katikati ya fremu, bila kuungana na la jirani. Sega lililonyooka linatoka bila kuvunjika, linawekwa kwenye mashine ya kukamulia, linazungushwa, asali inatoka, na sega linarudi mzingani likiwa zima.

Mambo hayo yalikamilika ndani ya miaka isiyofika thelathini ya karne ya 19. Mwaka 1851 mchungaji Lorenzo Langstroth wa Philadelphia alitambua kuwa nyuki huiacha wazi nafasi nyembamba ya kupita bila kuijazia nta wala gundi, na juu ya ugunduzi huo akaunda mzinga wa fremu zinazotoka. Mwaka 1857 seremala Mjerumani, Johannes Mehring wa Frankenthal, akachonga vibao viwili vyenye chapa ya vijumba na kubana nta katikati yake. Mwaka 1865 Franz Hruschka akaleta mashine ya kukamua asali kwa mzunguko. Kisha katika miaka ya 1870, huko Medina, Ohio, A. I. Root na fundi wake Washburn wakaacha vibao vya kubana na kutengeneza rola mbili zenye chapa. Rola tunazoziona leo katika karakana zetu ni wajukuu wa zile za Medina. Na rola za Root mwenyewe zililishwa karatasi na watu waliokuwa wakichovya mbao kwenye nta kutwa nzima. Kazi hiyo haijabadilika sana.

Upande wetu, nta si kitu kigeni. Misitu ya miombo ya Tabora, Katavi na Rukwa imetoa nta kwa vizazi, kutoka mizinga ya magome na ya magogo iliyotundikwa juu ya miti, na nta ya Tabora ilikuwa ikisafirishwa nje tangu enzi za ukoloni. Kinachouma ni kwamba hadi leo, katika vijiji vingi vya Tanzania na Kenya, masega yanakamuliwa asali kisha yanatupwa kichakani, au yanaachwa uani mpaka viwavi wa nondo wayamalize. Mfugaji huyohuyo baadaye anakwenda mjini kununua karatasi za nta kwa fedha taslimu. Nta aliyoitupa ndiyo ambayo ingemtengenezea karatasi hizo.

Basi tuanze na masega hayo. Yatenge mafungu mawili siku ileile ya kukamua. Fungu la kwanza ni vifuniko vya asali na masega mapya meupe; hayo yanatoa nta ya njano safi, na ndiyo yanayofaa zaidi kwa karatasi. Fungu la pili ni masega meusi yaliyolelea watoto wa nyuki kwa misimu kadhaa. Hayo nayo yana nta, lakini ni kidogo kuliko unavyodhani, maana uzito wake mkubwa ni maganda ya viluwiluwi na chavua. Ukiyachanganya yote sufuria moja, maganda yatafyonza sehemu ya nta safi na kuondoka nayo.

Suuza masega kwa maji ya baridi ili asali iliyobaki itoke, kisha yayeyushe ndani ya maji. Maji ya mvua ndiyo bora. Maji ya kisima yenye chokaa nyingi hushikana na nta na kufanya kitu kama uji wa kijivu ambao hauwi nta wala hauwi maji. Sufuria iwe ya alumini au ya chuma kisichoshika kutu. Chuma cha kawaida huifanya nta kuwa ya kahawia, na shaba huipa rangi ya kijani. Ukiona nta ya mtu ina ukijani, usimlaumu nyuki, mtazame sufuria.

Nta ya nyuki huyeyuka kati ya nyuzi 62 na 64 za sentigredi. Hakuna sababu ya kuichemsha. Ikipita nyuzi 85 huanza kupoteza rangi yake na ile harufu nzuri ya asali, na ikiendelea kupashwa moja kwa moja juu ya moto inaweza kushika moto. Hapa sitanii: moto wa nta ni kama moto wa mafuta ya kukaangia, na atakayeumwagia maji ataona maji yakigeuka mvuke kwa ghafla na kurusha nta inayowaka usoni mwake. Sufuria ya nta ikae daima ndani ya sufuria nyingine yenye maji, kifuniko chake kiwe karibu, na ndoo ya mchanga iwe mlangoni. Ikiwaka, funika, ondoa moto chini, ondoka.

Nta ikishayeyuka, ichuje kwenye gunia safi au kitambaa cha pamba, ukikamua kwa vipande viwili vya mbao. Iache igande polepole juu ya maji, ukiwa umefunika sufuria kwa blanketi au magunia makavu. Upolepole huu ndio unaosafisha. Chembe za uchafu ni nzito kuliko nta, nazo zinahitaji saa nyingi za nta iliyo majimaji ili zishuke. Kesho yake utakuta bonge la nta linaelea, na upande wake wa chini una tabaka la matope ya kahawia. Likwangue kwa kisu mpaka uone njano. Kisha rudia kazi yote mara ya pili. Kwa mishumaa au kwa kuuza nta kwa kilo, mara moja yaweza kutosha. Kwa karatasi za rola, haitoshi, kwa sababu chembe ndogo ya mchanga ikipita katikati ya rola mbili inaacha kovu kwenye rola, na kovu hilo litajichapa kwenye kila karatasi itakayofuata.

Wenye jua la kutosha wanaweza kutumia kiyeyushio cha jua: sanduku lililofunikwa kioo, na ndani yake trei iliyoinama ambayo nta hutiririkia kwenye chombo. Halitumii kuni na haliunguzi nta, na katika kiangazi cha Dodoma au Singida linafanya kazi vizuri sana kwa vifuniko vya asali. Kwa masega meusi halifai kitu.

Sasa tufike kwenye ubao.

Ubao wa kuchovya ni kipande cha mti laini, kilichopigwa randa vizuri, kisicho na fundo wala utomvu, chenye nyuzi zilizonyooka. Kwa karatasi ya fremu ya Langstroth, ambayo ikimalizika huwa na urefu wa sentimita 42 hivi na upana wa sentimita 20, ubao uwe na upana wa kama sentimita 22 na urefu unaoacha mahali pa kushika. Hauhitaji kuchovywa mpaka urefu kamili wa fremu, kwa sababu rola hurefusha karatasi inapoibana. Unene wa ubao uwe kama sentimita mbili, usipinde ukilowa. Tengeneza mbao kadhaa, maana kazi inakwenda kwa zamu: mmoja unachovywa, mwingine unapoa, mwingine unamenywa.

Mbao zilale majini usiku kucha. Huu ndio mwanzo wa mafanikio au wa kero. Ubao uliojaa maji hauna nafasi ya kufyonza nta, kwa hiyo karatasi inabanduka yenyewe. Ubao uliolowa juujuu tu una hewa kwenye vinyweleo vyake, na ukiingia kwenye nta ya moto hewa hiyo hutoka na kuacha malengelenge. Wengine huongeza chumvi au sabuni kidogo kwenye maji ya kulowekea ili nta isishike, na hilo husaidia. Kabla ya kuchovya, ufute ubao kwa kitambaa mpaka usiwe na matone. Tone moja la maji juu ya ubao ni tundu moja kwenye karatasi.

Nta ya kuchovyea huwekwa kwenye chombo kirefu na chembamba, chenye kina cha kumeza ubao, kilichosimama ndani ya maji ya moto. Joto la nta ndilo linaloamua unene. Karibu na nyuzi 70 utapata karatasi yenye mwili. Ikikaribia nyuzi 80, nta inatiririka yote kurudi chomboni na karatasi inakuwa kama ngozi ya kitunguu, kisha inapasuka ukiigusa. Ikishuka kukaribia kuganda, inashika kwa mabonge na mawimbi. Nunua kipimajoto. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika karakana, na wafugaji wengi hawana.

Niliwahi kutazama kazi hii wilayani Sikonge. Kijana mmoja alikuwa ameshika ubao tayari, akamwuliza mama aliyekuwa akisimamia, "Mama, mbona tunangoja? Nta si imeshayeyuka?" Mama yule akainua kifuniko, akatazama, akakirudisha. "Imeyeyuka, mwanangu, lakini bado inacheza. Ngoja itulie, uchafu ushuke." Wakangoja. Kisha akauchukua ubao yeye mwenyewe, akauzamisha wima, kwa mwendo mmoja usiokatika, akauinua kwa mwendo uleule. Akauacha utone. Tabaka la kwanza lilipopoteza mng'aro, akaugeuza juu chini na kuuzamisha tena kwa upande ule mwingine. Hakugusa kingo za chombo hata mara moja.

Kugeuza ubao kuna sababu yake. Nta huteremka inapoganda, kwa hiyo mwisho wa chini wa ubao daima huwa mnene kuliko wa juu. Usipougeuza, utapata karatasi yenye kichwa chembamba na mkia mnene, na rola itaubana mkia huo mpaka karatasi ipinde upande kama panga. Ukiugeuza kila mara, makosa ya kuzamisha kwa kwanza yanarekebishwa na kwa pili. Kuzamisha mara mbili kunatoa karatasi nyembamba inayofaa masega ya asali ya kulika na nta yake. Kwa fremu za kulelea watoto, zinazobeba uzito na joto, zamisha mara tatu au nne. Ulenge kupata karatasi 13 hadi 15 za fremu kubwa kutoka kilo moja ya nta. Hizo zina uzito wa kama gramu 65 hadi 75 kila moja, na haziporomoki mchana wa jua kali.

Ubao ukimaliza kuchovywa, unaingia kwenye beseni la maji ya kawaida. Yasiwe ya barafu, kwani nta inayosinyaa kwa ghafla hupasuka. Baada ya muda mfupi, kwangua kingo za ubao kwa kisu ili nta ya upande mmoja iachane na ya upande wa pili, kisha ingiza kidole kwenye pembe ya juu na kuivuta taratibu. Karatasi mbili zinatoka, moja kila upande. Vipande vya kingo vinarudi chomboni. Nta inavyopungua chomboni, ongeza nta iliyokwisha kuyeyushwa na kuchujwa kwenye sufuria nyingine. Ukitumbukiza mabonge ya baridi unaliangusha joto, na karatasi kumi zinazofuata zitakuwa nene.

Zikishamenywa, zikaushe na uzilaze juu ya meza iliyo sawa, moja juu ya nyingine. Zinaweza kungoja siku nyingi bila kuharibika, na hili ni jambo jema kwa vikundi: siku moja watu wote wanachovya, siku nyingine wanakwenda kwenye rola. Zikikaa sana zitapata ukungu mweupe kama unga. Usitishike. Hiyo ni dalili ya nta halisi ya nyuki, na ukungu huo unatoweka karatasi ikipata joto. Mimi huwa na wasiwasi zaidi na nta iliyokaa stoo miezi bila kupata ukungu wowote.

Siku ya rola, karatasi zinapashwa moto upya kwenye beseni la maji ya nyuzi 40 hivi. Karatasi iliyo tayari hukunjika bila ufa, kama chapati iliyotoka jikoni sasa hivi. Ikiwa baridi, rola zitaivunja vipande. Ikiwa moto kupita kiasi, itazama kwenye meno ya rola na kung'ang'ania. Katika miji ya pwani, ambako karakana yenyewe ina joto kuanzia saa nne asubuhi, ni vizuri kuianza kazi alfajiri; katika nyanda za juu kama Njombe au Nyandarua, shida ni kinyume, na beseni la maji linahitaji jiko chini yake muda wote.

Kilainisho ni maji ya sabuni, au uji mwepesi wa wanga. Rola zipakwe kila mara, zote mbili, kabla ya kila karatasi, kwa brashi laini. Karatasi ya kwanza ya siku daima inashika. Ichukulie kuwa ni ya kufundishia rola. Mtu mmoja anazungusha mpini, wa pili anaipokea karatasi inapotoka na kuivuta kidogo, kwa nguvu sawa pande zote mbili. Ncha ikigandia kwenye rola, ibandue kwa kijiti cha mti au kwa brashi ya meno iliyolowa. Kamwe usitumie kisu, msumari wala bisibisi. Chapa za rola nyingi zimechorwa kwenye metali laini, na jino moja likishapinda hakuna fundi wa mtaani atakayelirudisha. Nimeona rola nzuri kabisa zimeharibiwa na mtu mmoja mwenye haraka na bisibisi. Rola zikichafuka, zisafishwe kwa maji ya moto na brashi, basi.

Karatasi zikishatoka zinasuuzwa kwenye maji safi, maana nyuki hawapendi harufu ya sabuni na wanaweza kuikataa fremu. Kisha zinakatwa kwa kisu kilicholowekwa, kwa kufuata ubao wa kipimo, na kupangwa kwenye boksi zikiwa zimetenganishwa kwa magazeti.

Kabla ya kwenda kwenye suala la vipimo, niseme neno juu ya nta ya kununua. Wako wanaochanganya nta na parafini, ile ya mishumaa ya dukani, kwa kuwa ni rahisi. Karatasi ya namna hiyo inalegea ndani ya mzinga siku za joto, sega linaning'inia na kuanguka na asali yake. Mbaya zaidi ni stearini: huko Ulaya, karatasi zilizochanganywa nayo zilisababisha watoto wa nyuki kufa ndani ya vijumba. Nta halisi ukiivunja ina mvunjiko mkavu wenye chembechembe, ukiitafuna haishiki meno, ukiipasha mkononi inanukia asali. Vipimo hivi vya mkono havimkamati kila mdanganyifu. Kinga iliyo bora ni kutumia nta ya mizinga yako mwenyewe, au ya watu unaowafahamu. Kuna sababu nyingine ya kufanya hivyo: spora za ugonjwa wa uozo wa watoto wa nyuki unaoitwa wa Kimarekani haziuawi na joto la kuyeyushia nta. Kinachoweza kuziua ni joto la kiwandani, chini ya shinikizo. Afrika Kusini iliupata ugonjwa huo katika jimbo la Western Cape mwaka 2009. Nta iliyopita mikono mingi inaweza kuubeba bila mtu kujua.

Sasa vipimo. Nyuki wa Ulaya wanapewa karatasi yenye vijumba vya upana wa milimita 5.4 hivi, kutoka ukuta hadi ukuta. Rola nyingi zinazouzwa duniani zimechorwa kwa kipimo hicho. Nyuki wa sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ni wa jamii iitwayo scutellata, na akiachiwa kujenga mwenyewe hujenga vijumba vya karibu milimita 4.8. Nyuki wa pwani, litorea, ni mdogo zaidi. Nyuki wa milimani, monticola, anayepatikana katika milima mirefu kama Kilimanjaro na Meru, ni mkubwa kidogo na mweusi. Hao wawili wa mwisho walielezwa kisayansi mwaka 1961 na F. G. Smith, aliyekuwa mtaalamu wa ufugaji nyuki Tanganyika. Yaani tofauti hizi zimejulikana na kuandikwa kwa zaidi ya miaka 60, na zilipimwa hapahapa kwetu.

Tofauti ya milimita 5.4 na 4.9, kipimo cha karatasi kilicho karibu na cha nyuki wetu, inaonekana ndogo. Ipige hesabu kwa eneo: desimita moja ya mraba ya sega la 5.4 ina vijumba kama 396 kwa kila upande, ya 4.9 ina kama 481. Hivyo ni vijumba 85 zaidi vya kulelea watoto, upande mmoja tu, katika kipande kinacholingana na kiganja. Malkia wetu anataga kwa wingi na kundi letu linakua haraka mvua zikianza. Nafasi hiyo ina maana. Zaidi ya hayo, nyuki aliyepewa chapa kubwa kuliko mwili wake mara nyingi haifuati. Anajenga vijumba vyake juu ya chapa ya mtu mwingine, mistari inapishana, sehemu nyingine anazigeuza kuwa vijumba vya madume, na ile karatasi uliyoichovya kwa uangalifu wote inaishia kuwa sega lisilo na mpangilio. Wafugaji wa Afrika Kusini walilitambua hili zamani, na kule karatasi ya milimita 4.9 ni jambo la kawaida dukani.

Waliobuni mzinga wa viunzi wa Kenya, katika miaka ya 1970, walimpima nyuki wetu kwanza. Ndiyo maana kiunzi chake kina upana wa milimita 32, badala ya 35 wa Ulaya, na ndiyo maana nyuki hujenga sega moja kwa kila kiunzi bila ubishi. Mzinga huo, kwa bahati njema, hauhitaji rola kabisa. Chini ya kila kiunzi unabandikwa ukanda wa nta wa sentimita mbili au tatu, na karatasi ya kuchovya, isiyo na chapa yoyote, inatosha kukatwa kanda hizo. Nyuki wanaushika mstari na kumalizia kwa kipimo chao. Kwa hiyo kikundi chenye mizinga ya viunzi kina kila kinachohitaji kikiwa na mbao mbili, chombo kirefu, kipimajoto na nta safi. Ningependa vikundi hivyo visishawishiwe kuchangishana kwa ajili ya mashine.

Wenye mizinga ya Langstroth, hasa wale wenye mizinga mingi na mashine ya kukamulia, wana sababu ya kutaka rola. Kwao nina ombi moja. Kabla hamjalipa, chukueni sega lililojengwa na nyuki wenu wenyewe bila karatasi, sehemu ya kulelea vibarua, na mpime kwa rula vijumba kumi vilivyofuatana mstari mmoja. Katika sehemu nyingi za bara mtapata karibu milimita 48 au 49. Kisha mwombeni muuzaji karatasi moja iliyopita kwenye rola anayoiuza, mpime vijumba kumi vyake. Mkikuta 54, rudini nyumbani na fedha zenu, na mwandikieni mtengenezaji kwamba mnataka rola ya 4.9. Zinatengenezwa.